Kuchora Mipaka ya Uvimbe katika Ubongo wa Mtoto

Uvimbe wa ubongo wa mtoto si uvimbe wa mtu mzima uliopungua ukubwa, kwani hutofautiana nao kwa mahali unapoota, kwa chembe zinazouunda na kwa sura yake kwenye picha za MRI, yaani kipimo kinachotumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kuonyesha viungo vya ndani bila mgonjwa kupasuliwa. Kwa sababu hiyo, programu za akili mnemba zilizofunzwa kwa picha za watu wazima hukosea zinapopewa za watoto.

Mfano ulio wazi ni DIPG, saratani inayoota kwenye shina la ubongo, ambayo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 10 na huwaua zaidi ya nusu yao ndani ya mwaka mmoja. Saratani hii haikai kama donge, bali hujipenyeza katikati ya nyuzi za neva, hata daktari wa upasuaji asiweze kuiondoa. Glioblastoma, saratani ya ubongo ya mtu mzima, kwa kawaida hung'aa kama pete baada ya mgonjwa kudungwa gadolini, dawa inayokoleza picha. DIPG mara nyingi haing'ai hivyo, au hung'aa sehemu ndogo tu, na programu iliyozoea kutafuta pete hubaki haina pa kushika.

Hospitalini, ukubwa wa uvimbe bado hukadiriwa zaidi kwa kupima vipenyo viwili na kuvizidisha, njia ambayo haiufai uvimbe usio na umbo maalumu. Kinachohitajika ni ujazo, lakini kuupata kwa mkono humlazimu mtaalamu wa radiolojia kuchora mipaka kipande kwa kipande cha picha, kazi ya saa nyingi, na wataalamu wawili hawachori mstari uleule.

Kompyuta zinaweza kusaidia kazi hiyo ya kuchora. Mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walitangaza U-Net, mtandao wa kompyuta unaoisinyaza picha ili uione kwa ujumla wake, kisha ukaikuza tena na kuamua kila nukta ni ya tishu gani. Mashindano ya BraTS, ambamo programu hushindanishwa kuchora mipaka ya uvimbe wa ubongo, yaliyoanza 2012 kwa picha za watu wazima, yalifungua sehemu ya watoto mwaka 2023.

Matokeo hupimwa kwa alama ya Dice, ambapo 1 humaanisha mchoro wa mashine umelingana kabisa na wa binadamu na 0 kwamba haukugusana nao popote. Alama hiyo isipokelewe kijuujuu: kwenye uvimbe mdogo kosa la nukta chache huiporomosha, na mchoro wa binadamu wenyewe ni makadirio.

Mwaka huohuo wa 2023 BraTS ilifungua pia sehemu ya Afrika kusini mwa Sahara, ambako mashine nyingi za MRI hutoa picha hafifu. Sehemu hiyo, hata hivyo, ilihusu watu wazima.