Nitazameni Kwanza

Leo nataka mnitazame kuliko kunisikiliza. Haya, naweka mikono yote miwili utosini. Wewe uliyecheka, najua kilichokuchekesha. Kwenu ungekwisha kukemewa: "Toa mikono kichwani, unatuitia msiba?" Sasa naegemeza shavu kwenye kiganja, nashika tama. Hilo nalo wazee hawalipendi. Mwenye kushika tama amefiwa au ana jambo zito moyoni, na mtoto hatakiwi kuiga huzuni asiyokuwa nayo. Sijafungua kinywa, na ninyi mmeshapata habari mbili.

Kupata habari si kazi. Kazi ni kuzipata zilivyo.

Paliondokea binti mmoja wa Dar es Salaam. Jina hana, mpeni mnalolipenda. Likizo ya Juni akapandishwa basi kwenda kwa bibi yake Mafinga, mkoani Iringa. Alipoteremka jioni akakuta watu wa stendi wamekunja mikono vifuani, mabega yamepanda hadi masikioni, midomo wameibana. Akajisemea, hawa ama wamenuna ama wana maringo. Maskini, pwani alikotoka mtu hatembei hivyo. Hakujua kwamba Juni na Julai, kuanzia Iringa mpaka Mbeya, baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Mji wa Mbeya uko kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari! Mikono ile ilikuwa inatafuta joto tu. Haikupita robo saa, na yeye kakunja yake.

Kesho yake akaja jirani, mzee wa makamo ya babu. "Kamwene," akasalimu. Binti akasimama wima, akanyoosha mkono mmoja, akamkazia mzee macho, maana aliwahi kuambiwa kwamba anayejiamini humtazama mtu usoni. Bibi akakohoa. Wajukuu wengine wa nyumba ile walikunja magoti kidogo, wakatoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeushika chini ya kiwiko, macho chini. Binti akadhani wenzake ni waoga. Mzee naye akaondoka akidhani binti wa mjini hana adabu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Huko Rungwe, kusini mwa Mbeya, macho yaliwahi kubeba mzigo mkubwa zaidi. Kati ya mwaka 1934 na 1938 mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, walikaa miongoni mwa Wanyakyusa wakichunguza na kuandika maisha yao. Moja ya mambo waliyoyaeleza ni mwiko wa mkamwana na baba mkwe. Mke wa mwana hakutakiwa kumtazama baba wa mumewe, wala kulitaja jina lake. Akimwona anakuja, anaiacha njia na kugeuza uso mpaka mzee apite. Mgeni angeapa kwamba wamegombana. Kumbe mgongo ule ulikuwa unatoa heshima, na baba mkwe aliyegeuziwa alijua ameheshimiwa. Siku hizi mambo yamelegea sana, na sioni yangewezekanaje kwenye nyumba yenye sebule moja na runinga moja.

Mtaniuliza: basi hakuna uso ambao dunia nzima inausoma sawasawa? Swali hilo lilimsumbua Mwingereza Charles Darwin. Aliwaandikia watu waliokuwa wakiishi nchi mbalimbali akiwauliza, je, huko watu wakishangaa hutoa macho na kupandisha nyusi? Mwaka 1872 akatoa kitabu kizima juu ya namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, akishikilia kwamba nyuso za watu husema mamoja. Miaka ya 1960 Mmarekani Paul Ekman alibeba picha za nyuso hadi vijijini Papua New Guinea, akarudi na jibu kama la Darwin. Lakini mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi na Wahadzabe, watu wa karibu na Ziwa Eyasi hapahapa Tanzania, walitoa matokeo yasiyokubaliana naye sana. Wahadzabe waliweza kutenganisha uso wa raha na uso wa karaha, ila kubaini ni hisia ipi hasa hakukuwa rahisi kama vitabu vilivyodai. Mimi nadhani kichanga cha Tukuyu na cha London hulia kwa uso uleule. Wakishakua ndipo kila mmoja hufundishwa kwao lini auonyeshe na lini aufiche.

Sasa turudi Iringa, mjini. Kuna kituo kiitwacho Neema Crafts, kilichoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Kilianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Msizibe pua! Tembo hula nyasi na magome, na nyuzinyuzi nyingi hutoka kama zilivyoingia. Zikichemshwa na kusafishwa, ni karatasi. Kituo kina mgahawa pia, na wahudumu wake ni viziwi. Mteja huandika anachotaka, au hujitahidi kwa mikono.

Msidhani lugha ya alama ni mikono peke yake. Katika lugha nyingi za alama duniani uso ni sehemu ya sarufi. Alama za mikono zibaki zilezile, lakini nyusi zikipanda, maneno yamegeuka swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Nyusi zikikunjwa, mara nyingi unaulizwa nani, wapi, kipi au kwa nini. Kiziwi anayekuuliza na uso mkavu ni sawa na mimi nikisoma swali bila kupandisha sauti mwishoni.

Kwa hiyo ukikaa mezani ukakunjiwa nyusi, usianze kuomba radhi. Huenda unaulizwa tu chai ipi, ya rangi au ya maziwa.