Alama Kwenye Silaha: Namna Zinavyochongwa na Sababu Zake

Silaha inapokamatwa mikononi mwa mhalifu au kuokotwa porini, jambo la kwanza analolitafuta mpelelezi ni namba yake. Ikisomeka, namba hiyo humwongoza hadi kiwandani, kisha katika nchi iliyoiagiza, na hatimaye kwa mtu wa mwisho aliyeimiliki kihalali. Ikiwa imefutwa, au haikuwahi kuwekwa, upelelezi huanza gizani.

Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, inataka kila silaha iwekewe alama ya pekee inapotengenezwa: jina la mtengenezaji, nchi au mahali ilipotengenezwa, na namba. Inapoingizwa katika nchi nyingine huongezewa alama fupi ya nchi hiyo na mwaka. Silaha zinazomilikiwa na Serikali nazo hazikuachwa nje. Itifaki inaelekeza alama ya kiwandani iwe kwenye mtutu, kwenye kiunzi, na katika silaha zinazohusika, kwenye kipande cha juu kinachoteleza. Sababu iko wazi: silaha hufunguliwa, na sehemu zake zikahamishiwa nyingine.

Njia ya zamani zaidi ya kuweka alama ni kugonga muhuri wa chuma kigumu. Haina urembo, lakini mgongo huo hukandamiza chuma hadi chini ya herufi zenyewe, kiasi kwamba wataalamu wa maabara huweza wakati mwingine kuisoma namba iliyokwisha kufutwa kwa tupa. Njia nyingine ni ya vinukta, ambapo sindano ngumu inayoongozwa na kompyuta hugonga chuma kwa kasi na kuunda herufi nukta kwa nukta. Njia hii huifaa silaha iliyokwisha kukamilika. Mashine za kielektroniki za kuweka alama zimegawiwa nchi wanachama kupitia RECSA, chombo cha kikanda chenye makao yake makuu Nairobi.

Leza hutoa maandishi safi kuliko zote, ila yakiwa ya juu juu hayadumu. Ndiyo maana kina cha alama kina uzito kuliko uzuri wake. Nchini Marekani, tangu mwaka 2002, kanuni zinawataka watengenezaji kuchonga namba kwa kina kisichopungua inchi 0.003, takriban unene wa unywele, na kimo cha inchi 1/16. Kwa silaha zenye kiunzi cha plastiki, namba huwekwa kwenye kibati cha chuma kilichozamishwa humo.

Wapo pia mafundi, kama wale wa Ferlach nchini Austria, wanaochonga maua na wanyama kwenye bunduki za uwindaji. Hayo ni mapambo, wala hayachukui nafasi ya namba.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye gobore. Likiwa limefuliwa na mhunzi, halina namba ya kiwanda, na bila kupewa namba na mamlaka haliwezi kufuatiliwa.

Kufuta au kughushi alama ni kosa ambalo Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inazitaka nchi wanachama kuliadhibu kisheria. Mmiliki halali anashauriwa kulinganisha namba iliyo kwenye silaha na ile iliyo kwenye leseni yake, hasa baada ya fundi kubadilisha mtutu, na kutoa taarifa kituo cha polisi endapo ataona tofauti.