Utupa: Mti wa Kulinda Maharage

Fungua gunia la maharage uliyovuna mwezi wa Sita. Chota kiganja kimoja, uyatazame vizuri. Je, yana matundu madogo ya duara? Hiyo ni kazi ya fukusi. Maharage yenye matundu hayapati bei nzuri sokoni Sumbawanga. Ukiyapanda, mengi hayataota.

Dawa ya dukani ipo, lakini inahitaji fedha. Upo pia mti mdogo uitwao utupa. Wengine mnao nyuma ya nyumba.

Utupa ni wa jamii ya kunde. Hufikia urefu wa mita 2 hadi 4. Majani yake ni laini kama yana manyoya, na hubaki ya kijani hata wakati wa kiangazi. Maua yake ni meupe au ya zambarau. Kwa kawaida mifugo haiyapendi majani yake.

Panda utupa mvua zinapoanza, mwezi wa Kumi na Moja au wa Kumi na Mbili. Loweka mbegu usiku mmoja. Weka mbegu 2 katika kila shimo, kina cha sentimita 2 au 3. Acha nafasi ya mita 1 kati ya shimo na shimo. Usipande bondeni panapotuama maji. Miche hukua polepole mwanzoni, kwa hiyo palilia, isizidiwe na majani.

Utupa hurutubisha udongo pia. Wazee wa Ufipa walijua kufukia nyasi ndani ya matuta ya duara, yaani ntumba, ili zioze ziwe mbolea. Majani ya utupa yakifukiwa hufanya kazi hiyohiyo. Lakini usiupande mahali utakapolima tumbaku au nyanya, maana mizizi yake hutunza minyoo wadogo wanaoharibu mazao hayo.

Sasa dawa. Chuma majani, uyaanike kivulini. Usiyaanike juani, kwa sababu jua hupunguza nguvu ya sumu yake, iitwayo rotenoni. Yakikauka, funga kitambaa puani na mdomoni, kisha yatwange na kuyachekecha. Changanya kilo 2 za unga huo na kilo 100 za maharage makavu.

Utawasikia watu wakisema, "Nilitia utupa, na maharage yakaliwa vilevile." Usiwacheke. Huenda walianika majani juani. Lakini iko sababu nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Mwaka 2012 wataalamu walieleza walichokiona katika mimea ya utupa ya nchi jirani ya Malawi. Karibu mmea mmoja katika kila minne haukuwa na sumu hiyo ya kuua wadudu. Wewe na mimi tukiitazama mimea hiyo kwa macho tu, hatuwezi kuijua.

Basi usiamini gunia zima kwa utupa usioujua. Fanya jaribio kwanza. Pima maharage kilo 5 mara mbili, kutoka gunia moja. Fungu la kwanza litie gramu 100 za unga wa utupa. Fungu la pili usilitie kitu. Yahifadhi mahali pamoja kwa miezi mitatu, kisha hesabu maharage yaliyotobolewa katika kila fungu. Kama mafungu yote mawili yametobolewa sawasawa, mti huo ufae kwa mbolea tu. Kama fungu la kwanza limesalimika, chukua mbegu kwenye mti huo, uwagawie na jirani zako. Chuma maganda yakiwa ya kahawia, kabla hayajapasuka.

Anza na maharage ya mbegu. Yale ya kula, yapepete na kuyaosha mara kadhaa kabla ya kupika.

Jambo moja linahitaji uangalifu mkubwa. Utupa ndio sumu waliyotumia wavuvi wa zamani. Huua samaki wakubwa pamoja na vifaranga vyao. Ufipa iko katikati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na mito yetu huteremkia huko. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Hata asiyevua anaweza kuua samaki kwa kutojua. Kwa hiyo tenga kinu cha utupa peke yake, na usikioshe mtoni wala kisimani. Kioshe shambani, na maji hayo uyamwage hapohapo.