Fahamu: Bendi ya Harlem iliyopeleka jazi vitani Ufaransa

Askari weusi wa Kikosi cha 369 cha Marekani walitua Brest, Ufaransa, Januari 1, 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Bendi yao ilipopiga wimbo wa taifa wa Ufaransa kwa mapigo ya Harlem, mtaa wa New York, wenyeji waliduwaa kidogo, kisha wakautambua na kusimama kwa heshima.

Kiongozi wa bendi, Luteni James Reese Europe, hakuwa mwanamuziki tu: aliongoza askari wa bunduki za rashasha, akavuta gesi ya sumu. Inauma kwamba jeshi la Marekani liliwakabidhi askari wa kikosi hicho kwa Wafaransa, maana lilikataa wapigane bega kwa bega na Wamarekani weupe.

New York iliwapokea kwa shangwe Februari 17, 1919. Mei 9, Europe alifariki baada ya kuchomwa kisu na mpiga ngoma wa bendi yake.