Kisuba Hakikumezwa na Marekani

Kila nikialikwa kuzungumza na wazazi, iwe Rongo au Mbita, swali ni lile lile: tufanyeje ili Marekani isiwaharibu watoto wetu? Huanza na TikTok, hufuata Kiingereza cha puani, kisha huja dawa: serikali ipige marufuku.

Nimechoka kulijibu kwa upole. TikTok imeundwa na ByteDance, kampuni ya Wachina. Na Marekani haikuletwa huku na simu. Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa Michigan mwaka 1863, lilifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Leo ibada ya Jumamosi ni desturi ya nyumbani, na sijasikia mtu akiomba ipigwe marufuku. Gitaa nalo ni la kuja. D. O. Misiani wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, na wenzake walilipiga kwa mwendo wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, tukapata muziki wa benga.

Mkitaka kuona lugha inavyomezwa, tazameni Kisuba. Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi walikuwa na lugha yao ya Kibantu. Wengi wa wajukuu wao leo wanajua Dholuo, lugha ya Waluo, peke yake. Hakuna sinema ya Hollywood iliyofanya hivyo. Ni ndoa, soko la samaki, shule na kanisa, na vyote hivyo viliendeshwa kwa Dholuo. Lugha hufa mzazi anapoacha kumsemesha mwanawe. Sasa yule yule anayelilia marufuku humsemesha mtoto Kiingereza kitupu nyumbani, na hufurahi shule ikimwadhibu kwa kusema Dholuo. Marufuku gani itatibu hilo?

Sisemi ubeberu wa kitamaduni ni hadithi. Kampuni za ng'ambo ndizo huamua kijana wa Awendo aone nini kwanza akifungua simu. Lakini hazikumkataza babake kuongea.

Basi fanyeni haya. Ongeeni Dholuo au Kisuba wakati wa chakula. Mpiga nyatiti alipwe kama anavyolipwa DJ. Mrekodini nyanya kwa simu hiyo hiyo mnayoilaani. Wa visiwani, sikilizeni Ekialo Kiona, redio ya Mfangano inayotangaza kwa Kisuba. Desemba, wapelekeni watoto kwenye Tamasha la Rusinga.

Asiyekuwa tayari kufanya hata moja asiniulize tena habari za Marekani.