Kokwa la parachichi: Lipande, usilisage

Miezi mitatu iliyopita alikuja kliniki mama wa miaka 58 ninayemtibu presha kwa muda mrefu. Kipimo kilisoma 190 kwa 110. Nilipomuuliza kuhusu dawa, alifungua mkoba akatoa kopo la unga wa kahawia.

“Daktari, vidonge niliacha mwezi uliopita. Sasa nakoroga unga wa kokwa la parachichi kwenye uji. Wanasema unasafisha mishipa.”

Sikumgombeza. Ujumbe wa kusifia unga huo unazunguka kwenye simu zetu, na parachichi lenyewe kweli ni chakula kizuri. Gramu 100 za nyama yake zina takriban gramu 7 za nyuzinyuzi, na potasiamu nyingi kuliko ndizi mbivu. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina iliyo rafiki kwa moyo. Mgonjwa wa figo tu ndiye amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya hiyo potasiamu.

Lakini sifa hizo ni za nyama ya tunda, si za kokwa. Tafiti nyingi za kokwa zimefanyika maabara na kwa wanyama. Kiwango kilicho salama kwa binadamu hakijathibitishwa. Na wakati mgonjwa anasubiri unga umponye, presha inaendelea kuharibu moyo, figo na ubongo, mara nyingi bila dalili yoyote.

Nilimwandikia dawa zake upya, nikamwambia: “Mama, kazi ya kokwa ni kuota. Lipande.”

Namna ya kupanda

Tumia kokwa bichi la tunda lililoiva, kwani likikauka sana haliwezi kuota. Litoe kwa kijiko. Kulichoma kwa ncha ya kisu huku tunda liko kiganjani hukata watu vidole, wakati mwingine hadi kwenye mishipa ya fahamu. Lioshe utelezi wote uishe.

Chukua ndoo kuukuu, itoboe matundu chini, ujaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Kalisha kokwa upande mpana chini, ncha juu, kichwa kikionekana kidogo. Udongo uwe na unyevu lakini maji yasituame, maana mizizi ya parachichi huoza upesi. Chipukizi hutokeza baada ya wiki 3 hadi 8, hivyo usikate tamaa mapema.

Wengine huliotesha kwenye glasi ya maji, likishikiliwa na vijiti vya meno. Watoto hufurahi kuona mzizi ukishuka. Ila mbu anayeeneza dengue hupenda kutaga kwenye vyombo vya maji vya nyumbani, na penye joto yai huweza kuwa mbu kamili katika muda wa siku 10 hivi. Badilisha maji kila baada ya siku 2, na usugue glasi, kwa sababu mayai hung’ang’ania kwenye kuta zake.

Majani ya parachichi usiwape mbuzi, sungura wala ndege unaowafuga. Yana sumu inayoweza kuwaua.

Kuhusu matunda, uwe na subira. Mti wa kokwa huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 au zaidi kabla ya kuzaa, na matunda yake huenda yasifanane na lile ulilokula. Ndiyo maana wakulima wa Hass kule Njombe na Rungwe hupanda miche iliyobebeshwa, ambayo huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi. Nawe unaweza kumwomba bwana shamba akubebeshee mche wako.

Mama yule alirudi juma lililopita. Kipimo kilisoma 136 kwa 84. Kwa ridhaa yake nasimulia kwamba alinionyesha picha kwenye simu: mche wenye majani sita, ndani ya ndoo ya bluu, barazani kwake.

“Mjukuu wangu ndiye anayemwagilia,” alisema. “Akichukua kopo asubuhi, ndipo nami nakumbuka vidonge.”

Kama nawe umeacha dawa za presha kwa ajili ya unga wowote, usingoje kuumwa kichwa. Nenda kapime wiki hii, na kopo lako la unga nenda nalo, umwonyeshe daktari bila aibu.