Maniema: Kansa ikifika mifupani, parasetamoli peke yake haitoshi

Kwa wazee wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, dawa ya maumivu iliyo karibu ni ile ya kituo cha afya au ya famasi ya sokoni: parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki. Lakini kansa ikishaingia kwenye mifupa, dawa hizo hufika mahali zikashindwa.

Kansa ya tezi dume kwa wababa na ya titi kwa wamama ndizo husambaa sana mifupani: mgongo, nyonga, mbavu na mapaja. Maumivu huzidi usiku na mgonjwa anapojigeuza. Mfupa uliodhoofika unaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu.

Hatari ni familia kuzidisha vidonge au sindano za diklofenaki. Kwa mzee, dawa hiyo pamoja na ibuprofeni zinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha tansio. Parasetamoli ikipita gramu 4 kwa siku huumiza ini, na mzee aliyekonda anahitaji chini ya hapo. Tramadoli nayo huleta kizunguzungu, na kipimo kikubwa huleta degedege.

Tangu mwaka 1986, Shirika la Afya Duniani, OMS, linaeleza kwamba maumivu makali ya kansa yanatibiwa kwa morfini. Ile ya kunywa haihitaji sindano. Kwa mzee, daktari huanza na kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 2.5 kila saa 4, kisha hupandisha polepole. Dawa hutolewa kwa saa yake, bila kungoja maumivu yarudi. Karibu kila anayeitumia hufunga choo, kwa hiyo hupewa pia dawa ya kulainisha.

Wengi huiogopa wakidhani ni dawa ya kumaliza mtu au ya kulevya. Ikitolewa kwa kipimo kinachofaa, haifupishi maisha, na mgonjwa wa kansa kuwa mtumwa wake ni jambo la nadra.

Shida kubwa ni kuipata. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya tani karibu 299 za dawa za jamii ya morfini zilizogawanywa duniani kila mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Jirani yetu Uganda ilichukua njia nyingine: morfini ya maji hutengenezwa humo nchini kutokana na unga, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofundishwa maalum wanaruhusiwa kuiandika.

Kuna msaada mwingine. Kikao kimoja cha mionzi kinaweza kutuliza mfupa kwa miezi, ingawa mashine ziko mbali na Maniema. Amitriptilini kidogo usiku husaidia maumivu ya kuchoma ya mishipa ya fahamu. Majani na mizizi ya waganga wa kienyeji haijathibitishwa kuchukua nafasi ya dawa hizi. Anayetumia amwambie muuguzi, maana nyingine huumiza ini na figo.

Miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukikataa kutoka, hiyo ni dharura: uti wa mgongo unabanwa. Mgonjwa apelekwe hospitali kuu siku hiyo hiyo, kwa sababu deksametasoni ikiwahi inaweza kumwokoa asipooze.